Moyo Usiotazamwa Hauna Dawa

Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, miguu yake imeliwa na vidonda hata hawezi kutembea, na katika siku zile za kungoja aliandika katika daftari lake habari ya maradhi ambayo yeye, tabibu aliyesomea kazi yake na aliyekwisha kuona homa na tumbo la kuhara na ndui, aliyahesabu kuwa ya ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi. Walioyapata walikuwa waungwana waliotekwa na kutiwa utumwani. Walistahimili minyororo, lakini walipokwisha kuvushwa mto Lualaba, wakageuka wakaona upana wa maji yale umewatenga na kwao, baadhi yao walikata tamaa wakafa katika muda wa siku tatu, hali hawana homa wala jeraha, na maumivu yao waliyaonyesha kwa kutia mkono penye moyo. Aliandika pia habari ya watoto waliokwenda na msafara bila ya taabu, mpaka waliposikia ngoma na michezo ya kijiji cha karibu, wakakumbuka kwao, wakalia kwa kwikwi, wakadhoofika upesi.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa inatuhusu: wengi katika Wamanyema wakaao Ujiji leo ni wazao wa watu waliovuka ziwa hili, wengine kwa hiari yao na wengine kwa minyororo. Ya pili ni kuwa inakanusha, miaka themanini kabla ya kuandikwa kwake, itikadi iliyokuja kutawala vitabu vya matabibu, kwamba mwana wa Afrika hana moyo wa kuvunjika. Hoja yangu katika makala hii ni moja. Dawa za sonona, zilizozuka katika miaka ya 1950, hazikuletwa na elimu ya ugonjwa wenyewe, maana elimu hiyo ilikuwa haijawapo. Zililetwa na watu waliowatazama wagonjwa wao kwa makini. Na sisi wa ukingo huu wa Tanganyika tulichelewa kuzifaidi kwa sababu hakuna aliyeagizwa kututazama.

Itikadi hiyo ilikuwa na mwandishi wake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi hospitali ya Mathari, Nairobi, daktari aitwaye J. C. Carothers, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa tabibu wa kawaida wa serikali asiyekuwa na mafunzo ya maradhi ya akili. Alikaa hapo hata mwaka 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika siha na katika maradhi, kitabu kilichosomwa na kutegemewa mbali sana na Nairobi. Humo alishikilia kwamba huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa ni adimu miongoni mwa Waafrika, akatoa sababu kwamba Mwafrika hana mazoea ya kujilaumu wala ya kubeba dhima yake mwenyewe. Tena akathubutu kumfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Carothers alikuwa mtu wa bidii, na wagonjwa wake aliwahesabu kweli. Kosa lake lilikuwa mahali alipohesabia. Hospitali ya wendawazimu ya wakati ule ilipokea watu walioletwa na askari na machifu kwa sababu ya kupiga, kuvunja, kuchoma nyumba au kutembea uchi mbele za watu. Mama aliyelala miezi mingi ameelekea ukutani, asiyekula ila kwa kubembelezwa wala asiyesema ila kwa kuulizwa, hakumsumbua chifu, wala hakuna askari aliyetumwa kwenda kumchukua. Basi tabibu aliyekaa penye mlango ambao wenye huzuni hawakupitishwa, aliinuka baada ya miaka kumi na miwili akaiambia dunia kwamba wenye huzuni hawapo.

Katika Tanganyika mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Palikuwapo Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 ili kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, kisha pakaanza kupokea wenye maradhi ya akili mwaka 1904. Na palikuwapo Mirembe, Dodoma, iliyojengwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Kutoka Kigoma hata Dodoma ni karibu kilomita 800 kwa njia ya reli. Ni familia gani ya Ujiji, mvuvi au muuza mawese, ingempandisha mtu wao gari la moshi kwa safari ya namna hiyo eti kwa sababu hacheki tena?

Sasa na tuzitazame dawa zenyewe zilikotoka, kwa kuwa kisa chake kinaanzia penye kikohozi. Baada ya vita vikuu vya pili ilibaki akiba kubwa ya haidrazini, kemikali ambayo Wajerumani waliitumia kurushia ndege zao za roketi, ikauzwa rahisi kwa viwanda; wanakemia wakaifanyia kazi kwa njia mbalimbali, na kufikia mwaka 1952 makampuni matatu, kila moja kwa njia yake, yalikwisha kugundua kwamba isoniazidi, iliyotengenezwa kwa kemikali hiyo, inaua vijidudu vya kifua kikuu. Walipotaka kujimilikisha dawa ile wakakuta kwamba wanakemia wawili wa Prague walikwisha kuitengeneza mwaka 1912, ikakaa karibu miaka arubaini katika maandishi yao, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kumpa mgonjwa.

Ndugu yake isoniazidi, iitwayo iproniazidi, iliyotengenezwa na Herbert Fox katika kiwanda cha Roche huko New Jersey, ilijaribiwa pamoja nayo mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, chini ya matabibu Irving Selikoff na Edward Robitzek. Wagonjwa wa hapo walikuwa watu waliokwisha kukatiwa tamaa na walimwengu, nao wenyewe wamekwisha kujikatia. Mara wakaanza kudai chakula, wakanenepa, wakachangamka, na waandishi wa magazeti waliofika hospitalini wakatangaza kwamba watu wale wanacheza dansi hali mapafu yao yangali na matundu.

Aghalabu ya matabibu waliichukua furaha ile kuwa taathira ya kando, jambo la kutahadhari nalo, na iproniazidi, iliyowachangamsha wagonjwa kupita nduguye, ikakaribia kutupwa. Wachache waliuliza swali jingine: ikiwa dawa hii yamwinua mwenye kifua kikuu aliyekata tamaa, itamfanyia nini mtu ambaye mapafu yake ni mazima na kukata tamaa ndio ugonjwa wake? Max Lurie na Harry Salzer wa Cincinnati waliwapa isoniazidi wagonjwa wa huzuni wakaona wengi wao wakipata nafuu. Jean Delay wa Paris naye aliijaribu kwa wagonjwa wake. Mwaka 1957 Nathan Kline na wenziwe wa hospitali ya Rockland, jimbo la New York, walitangaza habari njema za iproniazidi kwa watu walionyong'onyea, na katika muda wa mwaka mmoja dawa ile, ambayo rasmi ilikuwa bado ni ya kifua kikuu, ikanywewa na wagonjwa wa huzuni wapatao 400,000.

Dawa ya pili ilizaliwa kandokando ya ziwa. Münsterlingen ni hospitali ya maradhi ya akili upande wa Uswisi wa ziwa Constance, na hapo alikuwapo tabibu Roland Kuhn, ambaye kiwanda cha Geigy cha Basel kilimpelekea dawa isiyokuwa na jina, yenye nambari tu, G 22355, kwa matumaini kwamba itatuliza wazimu kama ilivyotuliza klorpromazini, iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952. Haikutuliza, baadhi ya wagonjwa walizidi kuhangaika. Badala ya kuirudisha ilikotoka, mnamo Januari 1956 Kuhn aliwapa watu wachache wenye huzuni nzito, kisha akaketi akawasikiliza na kuwatazama: akaona kwamba baada ya siku chache wanaamka wenyewe asubuhi, sauti zao zimepanda, nyuso zimepata uhai, na wao ndio wanaotafuta watu wa kuzungumza nao. Hakuwa na mizani wala chombo cha kupimia huzuni. Alipokwenda Zurich, Septemba 1957, kuieleza dawa hiyo, iliyoitwa imipramini, mbele ya mkutano wa dunia wa matabibu wa akili, wasikilizaji wake walikuwa kiasi cha dazeni moja.

Insafu inatulazimisha tusikomee kwenye sifa. Mwaka 2019 wanahistoria wa Uswisi walitoa uchunguzi mrefu unaoonyesha kwamba kwa miaka mingi Kuhn aliwajaribia wagonjwa wa Münsterlingen dawa nyingi za viwandani, na kwamba wengi hawakuelezwa wanapewa nini wala kuombwa ridhaa yao. Kwa hiyo nisemapo kutazama, simaanishi jicho la mwenye kupima kitu chake. Namaanisha jicho linalomwona mgonjwa kuwa ni insani mwenye haki ya kuuliza na haki ya kukataa.

Afrika nayo ilikuwa na sehemu yake katika elimu hii, ijapokuwa haitajwi sana. Mizizi ya mti wa India uitwao Rauwolfia ilitumika huko kwa karne nyingi kuwatuliza wenye wazimu na wenye kukosa usingizi, na mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Basel, walipata ndani yake dawa ya reserpini, ambayo ilishusha shinikizo la damu na kutuliza akili. Jamaa ya mti huo iko katika misitu ya Kongo, nayo ilipoonekana kuwa na reserpini nyingi zaidi, mizizi ya Afrika ikawa bidhaa ya kutafutwa na viwanda. Jamaa nyingine ndiyo msesewe, ambao Wachaga hutia magome yake katika mbege. Lakini reserpini ilikuwa na ubaya wake: baadhi ya waliopewa kwa ajili ya shinikizo la damu waliingiwa na huzuni ambayo hapo kwanza hawakuwa nayo. Wakati huo huo Bernard Brodie na wenziwe, huko Marekani, walionyesha kwamba reserpini hukausha ndani ya ubongo akiba ya serotonini, hali iproniazidi huzuia kuharibiwa kwa vitu vya jamaa hiyo. Basi dawa iliyoinamisha watu na dawa iliyowainua zikawekwa bega kwa bega, na kutokana nazo ikazaliwa dhana, iliyoandikwa waziwazi mwaka 1965 na Joseph Schildkraut, kwamba sonona hutokana na upungufu wa vitu hivyo katika ubongo. Dhana hiyo imeonekana baadaye kuwa nyepesi mno kwa jambo zito kama hili, walakini ndiyo iliyowafanya watu wengi duniani wasadiki kwamba mwenye sonona ni mgonjwa, wala si mvivu au mwenye upungufu wa imani.

Madhara yalifuata, nayo pia yalifichuliwa kwa macho. Iproniazidi ilidhuru maini ya baadhi ya wagonjwa, wakageuka manjano, wengine wakafa, na mwaka 1961 ikaondolewa katika soko la Marekani. Kisha, mwaka 1963, tabibu kijana wa London aitwaye Barry Blackwell alieleza kwamba dawa za jamaa ya iproniazidi zikikutana tumboni na jibini iliyokaa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu ghafla, pengine hata kuua. Na miongoni mwa waliomfumbua macho alikuwa mfamasia mmoja wa Nottingham aliyeandika kwamba mkewe, mtumiaji wa dawa hizo, hushikwa na kichwa kisichovumilika kila alapo jibini. Maabara kubwa za viwanda hazikuliona jambo ambalo mume aliliona mezani kwake.

Katika miaka hiyo yote sisi tulikuwa wapi? Raymond Prince, tabibu wa Kanada aliyefanya kazi Nigeria, alipokusanya katika miaka ya 1960 maandishi ya matabibu waliotumikia Afrika, aliona jambo la kushangaza: walioandika kabla ya mwaka 1957 karibu wote walisema kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na walioandika baada ya mwaka huo walisema iko tele. Akauliza kama ugonjwa ndio uliobadilika au ni mtindo wa matabibu. Mwaka 1957 ni mwaka wa uhuru wa Ghana, nao ni mwaka wa iproniazidi na imipramini. Mimi sioni kuwa moyo wa Mwafrika ulipata umbo jipya katika mwaka mmoja. Naona kwamba mtu anayehesabiwa kuwa raia huulizwa hali yake, na tabibu mwenye dawa mfukoni huwa tayari zaidi kuuona ugonjwa kuliko tabibu mwenye mikono mitupu.

Ushahidi uliofuata ulikuwa wa kukata. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda kwa kwenda majumbani, wala si kwa kungoja hospitalini, wakapata kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko kwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London, waliochunguzwa kwa njia ile ile. Yale aliyoyachapisha Carothers mwaka 1953 yakaanguka, si kwa kelele wala kwa matusi, bali kwa mtu kubisha hodi na kuuliza.

Tanzania haina udhuru wa kusema kwamba kazi ya namna hii haiiwezi, kwa sababu imekwisha kuifanya, na iliifanya kwa isoniazidi hiyo hiyo. Hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zikishirikiana na baraza la uchunguzi wa tiba la Uingereza, ndizo zilizothibitisha katika mwanzo wa miaka ya 1970 kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita, mahali pa mwaka na nusu au miwili. Mwaka 1977 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukiongozwa kwa shauri la Karel Styblo, mtaalamu aliyetoka Chekoslovakia akaweka makao Uholanzi. Na siri ya mpango huo ilikuwa wepesi wake: kila mgonjwa aandikwe, ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu, apimwe kwa wakati, na mwisho ijulikane kama amepona, amekufa au amepotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo ulimwenguni kote, na Tanzania ikatajwa kuwa mfano.

Basi na tufikiri. Mtu wa Kibirizi au Kasulu anayetibiwa kifua kikuu huulizwa habari ya kikohozi chake, makohozi yake huchunguzwa, uzito wake huandikwa katika kadi; lakini anayemeza kidonge ambacho nduguye ndiye aliyeifungulia dunia mlango wa tiba ya huzuni, ni mara ngapi huulizwa kama bado ana hamu ya kuishi? Na dawa zipo. Amitriptilini, mtoto wa ukoo wa imipramini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, na mwaka 1977, mwaka ule ule wa mpango wetu wa kifua kikuu, iliingizwa katika orodha ya kwanza ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 na ambayo haina hatari kubwa kama amitriptilini mtu anapozidisha kipimo, iliingizwa mwaka 2007. Zote mbili zimekwisha kuwa dawa za bei nafuu. Wala wazo la kuzifikisha vijijini si geni: katika miaka ya 1980 nchi yetu ilijaribu Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuwafunza waganga na wauguzi wa zahanati kutibu maradhi ya akili karibu na nyumbani kwa mgonjwa.

Kama uko mkoa wenye haki ya kutangulizwa, ni Kigoma. Tangu mwaka 1972 mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi, mara kwa mara na kwa maelfu. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya watu wa Kongo. Na mwezi Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walisongamana katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa ziwa, kipindupindu kikawashika, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawavusha makundi kwa makundi mpaka Kigoma. Kipindupindu kilipigwa vita mara moja, na ndivyo ilivyopasa. Lakini kipindupindu huua au huondoka katika siku chache. Majonzi ya mtu aliyeacha maiti wa nduguye njiani humfuata mpaka kambini, humfuata akirejea kwao, na akiolewa Ujiji humfuata mpaka jikoni.

Wako watakaosema kwamba vidonge hivi ni vya Wazungu, na kwamba watu wetu wana mashekhe wao, wachungaji wao na waganga wao. Sina ugomvi na hao. Mtu aliyefiwa na mtoto, akasomewa dua, akanyweshwa kombe, akakaliwa na jirani zake mpaka akapata nguvu ya kuamka, ametibiwa, wala hahitaji kidonge. Huzuni ya msiba ni haki ya moyo, na tabibu asiyejua kuitenga na sonona ataharibu zaidi ya atakavyotengeneza. Thomas Adeoye Lambo, tabibu wa Nigeria, aliwaweka wagonjwa wake tangu mwaka 1954 katika vijiji vinavyozunguka hospitali ya Aro, pamoja na jamaa zao, akashirikiana na waganga wa jadi, na sifa zake zikaenea duniani. Tena, katika vijiji thelathini vya kusini-magharibi mwa Uganda, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wenye sonona waliokutana kila juma kwa majuma kumi na sita, wakazungumza chini ya uongozi wa watu wa huko huko waliofunzwa kwa muda mfupi, walipata nafuu kubwa bila ya dawa yoyote. Tiba ya maneno na tiba ya vidonge zote mbili zinaanza kwa mtu kuketi na mwenziwe na kumuuliza. Anayezigombanisha hajaielewa hata moja.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni cha sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu aliyefika ukingoni mwa kifo kwa sababu ya ugonjwa, akaokolewa, huamka hospitalini akiwa na hofu ya polisi pamoja na hofu ya uhai, na jamaa zake hulazimika kumdanganya mganga juu ya kilichompata, hata mganga akamtibu tumbo au koo akamwacha moyo. Kifungu hiki kilitungwa na wakoloni na kimedumu hata leo. Maslahi yake siyaoni, na madhara yake yako wazi, maana kinamfundisha mgonjwa kujificha hasa wakati anapohitaji kuonekana.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka mambo matatu. Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya cha mkoa wa Kigoma, kuanzia kliniki za kifua kikuu na za mama wajawazito, kiwe na maswali machache ya kumuuliza kila anayefika juu ya usingizi wake, chakula chake, na hamu yake ya kuishi, na majibu yaandikwe kama unavyoandikwa uzito. Pili, amitriptilini na fluoksetini zisikose rafuni, na mganga anayezitoa awe amefunzwa kumweleza mgonjwa hatari zake na kumwomba ridhaa yake, ili yasirudiwe ya Münsterlingen. Tatu, wabunge wetu wakifute kifungu cha 217.

Nanyi wasomaji, mkiwa na mtu nyumbani ambaye kwa majuma hajala vizuri, hajalala vizuri, hasemi na wala hana hamu na kile alichokipenda, mpelekeni kwa mganga wa serikali kama mngempeleka mwenye homa. Akipewa vidonge, jueni kwamba huchukua majuma mawili hata manne kabla ya kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo asivitupe baada ya siku tatu. Asiviache ghafla bila ya shauri la aliyempa. Wala asimgawie jirani. Vihifadhiwe mbali na watoto, na visikae vingi mkononi mwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu amitriptilini ikizidishwa huua. Na kabla ya yote hayo muulizeni, kisha msikilizeni mpaka amalize kusema.